Kidonda cha Mzee Kofia

Mwenzangu, uko? Acha unachofanya unisikilize.

Unamkumbuka Mzee Kofia, yule anayelala kwenye baraza la benki, ninayemsafisha kidonda cha mguu kila tukipita na gari la kliniki? Si nilikuambia kimefunga? Nilifurahi kama mtoto.

Leo kaja nacho kinatoka damu. Kibichi kabisa!

Nikadhani kaanguka. "Baba, umefanyaje?" Akainamisha kichwa, akasema, "Nimekikwangua mwenyewe."

Mwenyewe! Kwa kifuniko cha soda!

Hasira zikanipanda. "Unataka ukatwe mguu?" Nilipaza sauti mpaka dereva akageuka.

Akanijibu polepole, "Binti yangu, si uliniambia nimepona, nisije tena?"

Kweli nilisema. Tena nilisema huku nacheka.

Akasema toka siku ile hakuna mtu aliyemwita baba. Pale barazani watu wanamruka tu kama gunia.

Nikamwambia, njoo tu baba, hata ukiwa mzima.

Unajua aliniuliza nini? "Nikija mzima, utanishika mguu?"

Utanishika mguu, mwenzangu!

Nikamwambia nitaushika.

Nimemfunga bendeji taratibu, taratibu mno, foleni ikanung'unika na wala sikujali. Sasa nimefika chumbani kwangu, nimekaa kitandani hata viatu sijavua, na hakuna wa kuniambia pole na kazi. Nijibu basi, hata neno moja.