Mlango wa Baba

Chumba cha juu ya duka la viatu,
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Kiherehere, jina ulilonipa mwenyewe na ambalo leo nalistahili kabisa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepunguza visirani. Shemeji je, kifua kimetulia? Na mapacha, bado wanabadilishana madaftari ili mmoja asifanye kazi ya nyumbani? Mimi sijambo. Vidole vimeota sugu kwa kushona magodoro kiwandani, lakini sijasikia mtu aliyekufa kwa sugu.

Najua umenuna. Miezi minne nakujibu kwa mkato, "nipo," "nitakuambia," nawe umeshajisemea kuwa mtoto kaliwa. Sijaliwa, Dada. Jambo lilikuwa halijaiva, na nakujua, ungekesha ukihesabu mbao za dari. Sasa limeiva. Nimenunua nyumba huku ugenini. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Barua yako ya mwisho ninayo hapa mezani. Uliandika kwamba mgeni anayenunua nyumba nchi ya watu anajenga kwenye kiganja cha mtu: siku akikunja vidole, kwisha habari yake. Sikukasirika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliumwa pamoja. Nilikuwa na miaka sita tulipotolewa kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliinunua kwa rafiki yake bila karatasi, kwa kuwa aliona haya kumdai hati mtu waliyekula naye sahani moja. Rafiki akafa, watoto wake wakaja. Nakumbuka mvua, godoro kichwani mwako, na baba anaung'oa mlango wa mbele kwenye bawaba. Aliuchonga kwa mikono yake, na hakuwa na kitu kingine ambacho angeweza kuthibitisha kuwa ni chake. Tangu siku ile mlango huo umeegemea kuta za vyumba vya kupanga, mpaka wewe ulipoulaza juu ya meza ukawa unakatia nguo za wateja.

Kwa hiyo sikuingia kichwa kichwa. Kabla sijaenda kuona hata chumba kimoja, nilikwenda ofisi ya ardhi nikauliza kama mwenye pasipoti kama yangu anaruhusiwa kununua. Karani akasema nyumba ya kuishi ndiyo, shamba hapana, na kibali kinaombwa kabla ya kutia saini, si baada. Nikamwomba aniandikie. Aliguna, lakini aliandika, akagonga na mhuri.

Dalali ni kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko kioo changu. Alinisifia mwanasheria wake, eti hatanichaji sana. Nikamshukuru, kisha nikatafuta wangu. Fisi hapewi bucha alinde. Wangu ni mama mmoja mkavu, hacheki ng'o. Nikamkodi na mkalimani aliyeapishwa, maana lugha ya hapa naimudu sokoni na kiwandani, ila ya mikataba ina meno mengine. Ungeniona nimekaa katikati yao, kila mstari unasomwa mara mbili, ungedhani naolewa.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, vyumba vitatu, uani kuna bomba na kamba ya kuanikia. Fundi niliyempeleka mimi alipanda juu ya paa, akakuta mfereji umeoza upande mmoja, na mwenye nyumba akautengeneza. Mwenyewe alikuwa dereva wa treni, sasa mzee mstaafu na mgane. Ukichelewa kwake dakika mbili anaitazama saa yake, kisha anakutazama wewe, unatamani ardhi ipasuke.

Sasa nikuungamie. Pamoja na ujanja wote huo, nilibakiza kidogo tu nifanye kosa la baba. Sheria ya hapa inataka mwenye nyumba atoe hati na ruhusa ndipo daftari la ardhi lifunguliwe. Mama mwanasheria akanituma nikamwombe. Nikaenda, mzee akanipa chai, akaniita mwanangu kwa lugha yake, akanionyesha picha ya mkewe. Nikarudi mikono mitupu. Mara ya pili vilevile. Nilishindwa kabisa kufungua kinywa mbele ya kikombe chake, Dada. Ilikuwa aibu ileile ya baba, nimeirithi kama pua.

Ndiyo siku niliyokupigia simu nikasingizia kuwa ni shoga yangu wa kazini ana shida. Ukasema, "Mwambie huyo shoga yako, chai haitoi ushahidi." Ulijua ni mimi, usinidanganye.

Kesho yake nikaenda nikasimama mlangoni. Nikamwambia, "Mzee, leo sinywi kitu mpaka nione hati." Yeye akacheka mpaka akashika ukuta. "Nimeendesha treni miaka arobaini," akasema, "sijawahi kuiondoa stesheni bila karatasi yenye saini. Nilishaanza kukuhofia, wewe mwanamke usiyeuliza." Chai ya siku hiyo niliinywa vikombe vitatu.

Lakini daftari lilipofunguliwa, ukweli ukatoka. Nusu ya nyumba ilikuwa kwa jina la mkewe, aliyefariki miaka sita iliyopita, na nusu hiyo imemwangukia binti yao wa pekee. Binti anaishi mbali, na tangu mazishi ya mama yake hajasema na baba yake hata neno. Mzee hakuwa na hila yoyote. Alilala humo miaka yote, hakupata kufikiri kwamba nyumba ina nusu.

Dalali akanivuta pembeni. "Huyo binti haji. Weka saini, mengine yatajipa." Nilihisi maji ya mvua ile yakinishuka shingoni. Wale waliotutoa sisi walikuwa nani, kama si watoto waliodhaniwa hawatakuja? Nikamjibu kuwa sitii saini mpaka binti atie ya kwake, na pesa zitakaa palepale zilipo, kwenye akaunti maalumu ya mwanasheria, wala muuzaji hazigusi mpaka jina langu liandikwe daftarini. Alinuna, akaanza kuwaleta wanunuzi wengine. Kila Jumapili nilipita pale nikitazama kama kuna pazia jipya dirishani. Niliipenda nyumba ile, nami nilikuwa tayari kuikosa.

Mzee naye akagoma kumwandikia mwanawe. Kiburi cha wazee unakijua. Nikamsimulia habari ya mlango wetu, jinsi ulivyong'olewa na kwa nini. Kesho yake mkalimani akaniambia mzee amenunua stempu.

Tulingoja miezi miwili. Binti alikuja kwa treni, angekujaje vinginevyo? Mzee aliniomba nimsindikize stesheni. Treni ilichelewa dakika arobaini, na hakuitazama saa yake hata mara moja. Walipokutana hawakusemezana mengi. Mzee alimpokea mkoba, na njia nzima hakukubali kumrudishia.

Wiki iliyofuata, kibali changu kikiwa mkononi, wote wawili walitia saini mbele ya mwanasheria, na mkalimani akanisomea mpaka nukta ya mwisho. Jumanne hii jina langu limeingia daftarini. Mama yule mkavu akatabasamu, nusu ya mdomo. Mzee anahamia kwa binti yake, na funguo nimezivaa shingoni kwa utepe wa godoro.

Mali bila daftari huisha bila habari, ndivyo tulivyofundishwa kwa viboko vya maisha. Hii ina daftari. Ndani ya bahasha nimeweka nakala ya hati. Baba hakupata kushika karatasi ya namna hii. Ishike wewe kwa niaba yake, kisha ndipo uwaite majirani.

Kuna chumba cha chini, upande wa uani, hakina hata ngazi moja. Nilipokiona mara ya kwanza nilifikiria goti lako. Nawe umenilea kwa sindano na mkasi, ukaacha shule ili mimi nisome, kwa hiyo sikuulizi kama unakitaka. Ni chako. Njoo ukae mwezi, njoo ukae mwaka, njoo na shemeji na mapacha na madaftari yao.

Ila chumba hicho hakina mlango. Mkewe mzee alipougua waliuondoa ili kitanda cha magurudumu kipite, na baada ya msiba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuurudisha. Seremala wa hapa alikuja na kitabu cha milango ya kiwandani, nichague. Nikamwambia afunge kitabu chake.

Msalimie sana shemeji, na mapacha wote wawili, kila mmoja kwa zamu asije mwingine akapokea mara mbili. Msalimie mama mdogo, na Babu Redio mwambie habari hii asiitangaze mpaka umalize kuisoma. Mola awalinde, awape afya na riziki, na goti hilo alipe nguvu za kupanda ndege.

Na kesho, Dada, usikate nguo. Ondoa vitambaa vya wateja juu ya meza, uchukue utepe wako wa kupimia, uupime mlango wa baba: urefu, upana, unene, na bawaba ziko wapi. Uandike vizuri. Seremala anasema atautia randa kidogo ukizidi. Nimemkatalia. Ukuta ni wangu, autoboe ukuta.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Kiherehere