Laifseva ya Banda la Kuku

Jumanne, 5 Agosti
Nimepima oili, maji, upepo wa magurudumu. Kila asubuhi hivyo. Pikapu yangu inaniheshimu. Kendi, binti yangu anayekaa Kinoru, ameleta laifseva, ile pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani gari likiharibika. Eti niibebe. Mimi nimeendesha tangu kabla yeye hajazaliwa. Matawi ya kutega barabarani yapo kila mahali. Laifseva nimezibia tundu la banda la kuku. Imetosha kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama Kendi anataka kuona dada yake kule Kiambere. Ni mgonjwa. Kesho nampeleka. Ameuliza laifseva iko wapi. Kuku wakajibu.

Jumamosi, 9 Agosti
Pancha. Karibu na Kiambere, baada ya kona. Jeki iko, speya iko, mimi si mtoto. Nikatoa majani ya migomba niliyofunikia ndizi za shemeji, nikayapanga pale kwa kona. Yalipendeza, ungesema ni harusi. Nikaingia chini ya gari.

Kwetu Kanyakine mbuzi hufungwa. Huku wanatembea. Na huku kumekauka, jani bichi wamelisahau. Wakala onyo langu lote. Mama Kendi akaenda kuwafukuza na leso. Lori likatokea.

Nilisikia breki. Kule chini nilikuwa naona viatu vyake tu, vile vya kanisa. Halafu vumbi. Halafu sikuona viatu.

Alikuwa kwa mtaro. Amechubuka mkono, basi. Dereva wa lori akaniuliza, pole pole, "Mzee, alama yako iko kwa tumbo la mbuzi gani?"

Nikaanza kuhesabu mbuzi. Mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Kendi amekataa kupanda pikapu. Amesema mbele ya dada yake, "Baba Kendi, nitakaa hapa mpaka hiyo kitu ya kuku iingie kwa gari." Dada mgonjwa akacheka mpaka akaketi.

Nimerudi peke yangu. Hasira.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimepika ugali. Mbaya. Nimekula wote. Ile breki haitoki kwa masikio.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeng'oa laifseva. Tundu nimeziba na bati. Mavi nimesugua na sabuni ya kuoga ya Mama Kendi.

Nikarudi Kiambere, Mama Kendi akaangalia nyuma ya kiti. Akaitoa, akainusa. Akapanda, akaweka kiondo magotini.

Kwa ile kona nilipunguza mwendo bila kuambiwa. Mbuzi walikuwa kando ya barabara, wanatuangalia.