Kikohozi cha Baba Akinyi

Jumatatu, 8 Novemba 1999, Migori
Kompyuta ya dukani kwangu bado inasaga kanda ya video ya Mama Akinyi, niihamishie kwenye diski. Tangu asubuhi. Ni harusi ya bintiye, na ndiyo kanda pekee yenye sauti ya marehemu mumewe, Baba Akinyi. Jumamosi ni ukumbusho wake kule Homa Bay, na kwao kuna mashine ya diski, si ya kanda. Amesema nisimwangushe.

Jumanne, 9
Harusi ni saa mbili nzima. Diski inabeba dakika sabini na nne. Nimekata keki, nimekata ngoma, nimekata wajomba. Mzee mwenyewe nimemsafisha: amekohoa sana kabla ya kusema, nikaondoa yote. Sasa anaanza moja kwa moja. Najivunia.

Jumatano, 10
Diski mbili zimeharibika. Kinu cha posho cha jirani yangu Onyango kikiwaka, umeme unashuka na kompyuta inayochoma video kwenye diski inakwama katikati. Nimemtukana kimoyomoyo. Zimebaki mbili.

Alhamisi, 11
Nimechoma kabla kinu hakijawashwa. Kwenye kompyuta, safi. Kwenye mashine ya diski ya hoteli ya ng'ambo ya barabara, kioo cha TV cheusi. Mjinga mimi. Nimeiandika kama faili za kawaida, si kama diski ya video. Imebaki moja. Sili, sikai.

Ijumaa, 12
Nimeenda kumwomba Onyango azime kinu. Akina mama waliopanga foleni na mahindi yao wakanikazia macho. Nikawaambia ni sauti ya marehemu.
"Zima, Onyango," mmoja akasema. "Unga utangoja."
Wakangoja dakika arobaini. Hotelini diski imecheza. Nimelia mbele ya watu, na sijali.

Jumapili, 14
Jana, Homa Bay. Sebule ilijaa. Mzee akatokea kwenye kioo, akaibariki ndoa ya bintiye, watu wakafuta macho. Mama Akinyi hakufuta. Akaniinamia.
"Mbona hakohoi? Huyo hakuwahi kusema kitu bila kukohoa kwanza."
Nilitamani ardhi ipasuke. Njia nzima ya kurudi nimejichukia.

Jumanne, 16
Nimepata diski mpya. Nimerudisha kikohozi, chote. Ili kitoshe nimetoa jina la duka langu pale mwanzo. Kinu kilinyamaza kabla sijavuka kuomba.
Nimeijaribu hotelini. Mzee akakohoa, na mpishi akageuka kuona ni nani ameingia.