Nani Alimupiga Mukwe?

Piana-Mwanga, Jumatatu, saa ya mapumziko

Mama Furaha, bibi yangu,

Kabla ya neno lolote, pokea mikono yangu miwili. Uko namna gani pale Kalemie? Lile jino lilikuwa linakusumbua, ulikwenda kulitoa ao bado unalibembeleza na karafuu? Furaha amepona kikohozi? Na Mama yangu, ule muguu wake, anaukanda na maji ya moto kila asubuhi ao anakuitikia tu ndiyo ndiyo ili umuache? Unijibu kila kimoja na jibu lake. Usiniandikie "wote wazima" sawa tangazo la parokia.

Miye niko muzima, Mungu asifiwe, isipokuwa mukono wa kushoto umechomeka kidogo. Nitakuambia namna gani, usiruke mistari. Kazi ni ileile: mashine za umeme zimelala miaka na miaka, tunazifungua, tunasafisha, tunafunga, kesho yake injenia anasema tufungue tena. Kutu tunaila, kutu tunaipiga chafya. Chakula ni bukari ya mihogo na samaki wa Luvua. Samaki wa mto, Mama Furaha! Laini laini, ukimutia mudomoni unakumbuka migebuka ya kwetu mpaka unataka kulia mbele ya sahani. Wenzangu wa Manono wanasema ni mutamu. Niliwaacha na utamu wao.

Sasa nikuambie sababu ya hii karatasi, maana najua utashangaa, bwana mwenye simu kuandika barua. Kule juu ya kilima kwenye rezo ya simu tunapanga mustari sawa watu wanaokwenda kuungama, na kila mumoja anasikia zambi za mwenzake. Jambo la nyumba halisemwi mbele ya wanaume tisa. Kwa hiyo ninaandika, nampa shofere wetu, yeye ataifikisha Kabalo, na kutoka Kabalo treni itakuletea, siku itakayotaka yenyewe.

Jambo njo hili. Jumapili ile tulipoongea, ulikuwa na furaha. Ulicheka, ukasema: "Papa Furaha! Kumbe yule muzee wa juu ya jumba, naye ana sangala mugongoni!" Na miye nikacheka. Nilicheka kwanza, akili ikafika nyuma. Halafu nikasikia sauti ya mwanaume, karibu kabisa na sikio lako: "Shemeki! Salama huko?" Halafu rezo ikakatika. Wenzangu kwenye mustari wakaniuliza mbona nimekunja uso. Nikasema jua.

Mama Furaha, nani alimupiga mukwe?

Usijifanye haujui ninasema nini. Nitakukumbusha tangu mwanzo, pole pole, ili nisipasue karatasi.

Ile pley ya kuchezea kwenye televizyo tuliinunua kwa mama mumoja wa Kigoma pale bandarini, na ndani yake kulikuwa muchezo mumoja tu, wa Wajapani. Maandiko Kijapani, sauti Kijapani, wanaume wa kositimu wanapigana barabarani katika muji wenye mataa mengi. Siye hatukujua ata neno. Yule mutu wetu alikuwa na suti ya kijivu, na akivua shati, mugongo muzima umechorwa samaki mukubwa. Ukasema ile ni sangala, nikasema sawa, sangala. Halafu vijana wa kositimu wakamuinamia wote pamoja wakapiga kelele: "Aniki!" Weye ulikuwa unachambua maharagi. Ukainua kichwa: "Umesikia? Wanamuita shemeki." Nikasema hapana, wamesema aniki. "Ni shemeki. Wanameza mwanzo wa neno, sawa weye ukiwa na haraka."

Basi ikawa Shemeki. Na ikiwa yeye njo shemeki, wale wote wanaomukimbiza ni ndugu za bibi yake, na yule muzee wa koti jeusi mwenye fimbo ni baba mukwe, na vita yote ni ya mahari ambayo haikutimia. Kila kintu kiliingia mahali pake! Ata yule mwanamuke anayelia kwenye simu, tulijua analilia nini. Ulikuwa unamujibu: "Vumilia, mama, wanaume watasikilizana."

Ndipo tukafika juu ya lile jumba refu, muzee amesimama anamungoja Shemeki na fimbo yake. Nikakaza maneti mukononi, kidole juu ya kifungo. Weye ukaniwekea mukono juu ya vidole. "Papa Furaha, hapana. Mukwe hapigwi." Nikasema mama, ni televizyo. "Ata kwenye televizyo. Baba yangu akiingia sasa hivi akuone?" Na kweli baba yako alikuwa amekuja kututembelea, alikuwa nje anapiga muswaki. Niliweka maneti chini sawa muntu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Tukamuacha muzee juu ya jumba. Miezi! Tukashuka barabarani kufanya tukazi. Na ule muchezo ulivyo na tukazi, Mungu wangu! Shemeki anapeleka tambi kwa watu na baiskeli. Shemeki anavua samaki kwenye gati na hapati kitu, weye unamucheka: sangala unayo mugongoni, ya majini inakushinda! Shemeki anafungua bare ya kuuza bia, anahesabu viti. Na karaoke. Aa, karaoke! Unabonyeza vifungo na wakati uleule unaimba Kijapani chako cha kutunga, mpaka Mama anakuja kusimama mulangoni na kijiko mukononi. Kila Jumapili kisha ya misa. Ukikutana na mulevi mumoja wa barabarani anayetaka kupigana, unafunga macho unanitupia maneti. Hatukuandikiana mapatano: weye kuimba, miye kupigana.

Siku ya kuondoka nilikuambia nini? Nilikuambia: tukazi, fanya yote. Muzee, umuache kule juu mpaka nirudi. Ukasema ndiyo. Mbele ya mama yangu ukasema ndiyo.

Sasa tufike kwa Deo. Deo wa kuchaji simu, jirani yetu asiye na bibi, asiye na mutoto, mwenye pano sita za jua juu ya bati na pete kidoleni sawa askofu. Najua umeme wa kwetu unakuja siku unayotaka na kuondoka bila kuaga. Najua ulibeba pley katika kikapu mukaenda kwake mchana, weye na Furaha. Kwa hilo sina neno. Lakini weye haujui kupigana! Sasa ule mukono uliomupiga muzee ni wa nani? Ninaona vidole vya Deo. Ninaona ile pete inagongana na maneti yangu. Ninaona umesogea kidogo kwenye banko ili apate nafasi, na weye unamuambia "pale, pale, nyuma yako!", namna ulivyokuwa unaniambia. Nilikuwa naona hayo yote siku ya Jumanne nilipofungua kisanduku cha waya, nikashika mahali ambapo ata mutoto hashiki. Njo iyo habari ya mukono. Injenia aliniuliza akili iko wapi. Ilikuwa Kalemie, kwa Deo, imekaa kwenye banko katikati yenu.

Na ananiita shemeki! Kama miye ni shemeki wake, basi weye njo dada yake, na vizuri, abaki palepale kwenye udada, asitoke ata hatua moja! Lakini mutu huyo hakulipata neno hilo katika ukoo. Alilipata kwako. Ulimupa. Lile neno ni letu, tulilizaa siye wawili juu ya sahani ya maharagi, na sasa liko katika mudomo wa Deo. Ungemupa shati langu ningeumia zaidi ya hapo? Hapana, ningeumia kidogo tu.

Niko na wivu. Nimeandika, usome tena: niko na wivu. Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, na miye njo ile fimbo, nimetupwa huku Luvua ninapangusa kutu.

Nimefika hapa nikaacha kalamu nikaenda kunywa maji. Maana nimejisoma, na nimeona kintu ambacho weye utakiona mbio kuliko miye. Ile sangala ya muzee haionekani mpaka apigwe, aanguke, avue koti. Uliponiambia, nilicheka. Sikuuliza "sangala gani?" Sasa utaweka mikono kiunoni useme: na weye, Papa Furaha, ulijuaje?

Kweli nyani haoni nyuma yake.

Injenia ana ule muchezo katika ordinatere yake, kompyuta ya kubeba, na wake uko na maandiko ya Kifaransa. Anatuachia mezani kwenye jiko la kambi, kisha ya chakula cha mchana. Nilisema ninatazama tu barabara zetu, nione kama tambi bado wanauza pale kwenye kona. Halafu nikapeleka tambi moja. Halafu nikapanda juu ya jumba. Nilimupiga mukwe, Mama Furaha. Nilimupiga na baiskeli.

Na nikasoma Kifaransa chao. Aniki si shemeki. Aniki ni kaka mukubwa, wale vijana wanaheshimu tu mukubwa wao. Yule muzee hana binti. Yule mwanamuke kwenye simu ni mukarani wa biro fulani, analilia karatasi. Mahari hakuna. Wanagombania kiwanja, Mama Furaha! Muji muzima wanauana juu ya kiwanja, sawa watu wa kwetu kabisa. Nilimaliza mpaka mwisho, Shemeki akalia katika teluji, nikasema ni hii tu? Hadisi yetu ilikuwa nzuri kuliko yao.

Na utaniuliza la pili, ninakujua: ikiwa weye ulipigana, nani aliimba? Maana miye karaoke hainitaki, vidole vyangu ni vya koleo. Aliimba Mama Solange, mupishi wetu. Tulia. Ana bwana yake Manono na wajukuu wanne, na miye na yeye hatukugusana ata kidole. Lakini siku moja alikosa vifungo vyote, akaona haya, basi akaanza kuimba wimbo wa kanisa juu ya ule muziki wa Wajapani, wimbo wa kuleta sadaka, na Shemeki anakata viuno mbele yake. Nilicheka mpaka nikashika meza. Na katika kucheka kule nilikusahau. Dakika ngapi, sijui. Nilipoinuka kwenda kazini nilihesabu nikaona kwamba sikukuwaza tangu bukari ya mchana.

Njo iyo inanila. Si pete ya Deo. Niliona kwamba mutu anaweza kukaa kwenye banko, asifanye kosa lolote, asiguse mutu, acheke tu, na mwenzake wa mbali anatoka katika kichwa chake sawa vile hakuwako. Miye ilinipata kwa mama mwenye wajukuu wanne. Weye je, na kijana mwenye pano sita?

Sikuandika ili ujibu kwamba hakuna kitu. Najua hakuna kitu. Uniambie tu kama mulicheka, na kama mulicheka sana. Nimeomba konje, siku chache za kuja nyumbani, injenia amesema mashine ya pili ikigeuka nitaondoka. Haijageuka.

Umusalimie Mama yangu, umuambie muguu wake niko nauwaza, na asikudanganye. Umusalimie baba yako, mukwe wangu wa kweli, na usimuambie lolote la baiskeli. Umusalimie dada yako wa sokoni, aendelee kutuwekea migebuka ya kukausha. Umubusu Furaha, umuambie baba yake anajua sasa Shemeki alikuwa kaka, lakini kwetu atabaki Shemeki. Na Deo, umusalimie na yeye. Lakini aniite Papa Furaha, sawa majirani wengine wote wa kartie.

Kuna neno moja nimelikimbia tangu juu ya karatasi, na karatasi imekwisha. Kama si Deo. Kama Deo alikuwa mulangoni anachaji simu zake, anasalimia tu, na weye mwenyewe ulikaa peke yako, mutoto amelala, hakuna wa kumutupia maneti, ukafungua macho, ukajifunza kupigana, ukamushinda muzee bila miye. Kama njo hivyo, usiniandikie haraka. Uniache kwanza nimuchukie Deo kidogo.

Bwana yako,
Papa Furaha