Mkeka Katika Banda la Jenereta

Mwaya, Kyela
Mwezi wa mavuno

Mdogo wangu mpenzi Mwanahawa,

Amani iwe juu yako na wote wa nyumbani hapo Kilwa, na barua hii ikukute umekaa, si umelala. Uliandika kwamba goti linakusumbua, je, limetulia? Mimi nipo, ila mwili umechoka. Homa imeniachia juzijuzi tu, utaona kwenye mwandiko.

Umeuliza tena nitarudi lini kukaa chumba cha uani alichoniachia baba. Kila mwaka nakujibu "mwakani", na najua huniamini tena. Safari hii nikueleze kinachonishika, usije ukadhani nina mke niliyemficha.

Nilipoacha kazi ya mashine za meli pale bandari ya Itungi, wakulima wa Mwaya waliniomba niwatazamie umeme wao. Nguzo za serikali tumeahidiwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Biashara huria ilipofunguliwa, wakachanga magunia ya mpunga na kakao, wakapata jenereta kuukuu lililotoka nje. Linaendesha mashine mbili za kukoboa mpunga na jokofu la chanjo la zahanati. Mashine hizo mbili haziwezi kukoboa kwa wakati mmoja. Injini haina nguvu hiyo.

Nimefundisha wanaume wanne. Kila mmoja, alipojua kushika spana, alikwenda Mbeya kutafuta mshahara. Aliyebaki ni Tumpe, mwanamke makini, husikia ubovu wa injini kabla yangu. Lakini ameolewa na mtoto wa mwenyekiti wetu, Mzee Mwakalinga, na mzee ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya dizeli na oili. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkaza mwana hasemi na baba mkwe wala hawakai mahali pamoja. Wengi wameiacha mila hiyo. Mzee hajaiacha, na Tumpe anamheshimu. Akisikia fimbo yake mlangoni, hutoka kwa mlango wa nyuma. Basi miaka yote hii maneno yao yamekuwa yakipita kwangu.

Mwezi uliopita nikalala na malaria siku nne. Oili ikapungua. Mume wa Tumpe alikuwa safarini, na Tumpe hakuwa na mwingine wa kumtuma kwa mzee. Mzee, kwa kuwa hakusikia lalamiko, akadhani mambo ni mazuri, akaruhusu mashine zote mbili zifunguliwe. Injini ikachemka. Tumpe aliizima kabla haijapasuka, lakini mpaka tunaitengeneza, jokofu lilikuwa limeshapata joto na chanjo zimeharibika. Akina mama waliotembea na watoto wachanga kutoka kando ya ziwa walirudishwa hivyo hivyo.

Mzee akaja kwangu, nimejifunika blanketi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje, mzee? Ukiingia, yeye anatoka."

"Basi tutafute mwanamume."

"Nimekutafutia wanne. Ukifika Mbeya wasalimie."

Akacheka bila kupenda. "Nyinyi watu wa pwani mna midomo," akasema, akaondoka.

Siku niliyoweza kusimama nikatundika mkeka wangu wa kulalia katikati ya banda la jenereta, kama pazia, wasionane, nikawaita wote wawili. Tumpe akakaa upande wa injini, mzee upande wa mlango, mimi kwenye kigoda pembeni. Halafu Tumpe akaisemesha injini:

"Wewe mashine, umechoka. Unataka oili kila Jumatatu, tena usibebeshwe mizigo miwili kwa pamoja."

Mzee akanigeukia. "Mwambie mashine kwamba wenye mpunga wana haraka."

"Mimi mgonjwa, mzee. Mwambie mwenyewe."

Akakohoa, akautazama mkeka. "Mashine, wenye mpunga wana haraka."

"Na watoto wa chanjo je?" sauti ikajibu kutoka upande wa injini.

Mzee aliinamia fimbo yake. "Basi mashine moja ikoboe asubuhi, nyingine mchana," akasema mwishowe. "Ndaga." Neno hilo huku ni asante, na ni pole pia. Sikuuliza alikusudia lipi.

Mwanahawa, magazeti yanayonifikia yamejaa wataalamu wanaobishana kama umeme uwe wa serikali au wa watu binafsi. Nayasoma yote, hadi matangazo. Sijaona aliyeuliza nani anaweza kumwambia nani kwamba oili imekwisha.

Jumatatu iliyofuata nilibaki nyumbani kwa makusudi, nikisikiliza. Injini ikawaka, ikatulia, ikabeba mashine moja hadi adhuhuri. Ikapumzika. Ikabeba ya pili. Haikulemewa hata mara moja, na hakuna aliyekuja kuniita. Nilitarajia kufurahi. Nilikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyetuliwa mzigo akabaki ameinama.

Kwa hiyo fungua dirisha la chumba cha uani, kiingie hewa. Mpunga ukimalizika kukobolewa nitakuja. Mkeka nauacha ulipo; niwekee mwingine.

Nisalimie shemeji, mumeo, na wapwa zangu wote, hasa yule mwalimu aliyeniletea miwani. Mbusu mkono shangazi yetu, mwambie sauti yake bado naikumbuka. Tumpe anakusalimu.

Na majirani wakikuuliza nilikuwa nafanya kazi gani huku, tafadhali waambie nilikuwa nalima mpunga; kupitisha maneno ya watu hawataiita kazi.

Kaka yako aliye njiani,
Athumani