Ugonjwa wa Modesti

Dar es Salaam,
7 Oktoba 1984

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku bado linanishinda. Mgongo wako umepoa?

Unakumbuka wale watu wa filamu waliokuja Bonga kupiga picha za kuhifadhi mahindi? Mkulima waliyemchagua aliganda mbele ya kamera, nikasukumwa mimi niliyekuwa nawabebea nyaya. Ulisema ni mchezo wa siku moja. Sasa wamenipa filamu nzima, ya dakika arobaini, kuhusu ukoma. Mgonjwa ndiye mimi. Kila asubuhi dada mmoja hunibandika nta usoni na vidoleni kwa saa mbili, na nikijitazama kwenye kioo najiogopa. Yule Modesti aliyechapwa shuleni kwa kumwigiza katekista, leo kuigiza ndiyo kazi yake.

Mwambie Xaveria nitarudi tufunge ndoa baada ya mavuno, na baba yake ajue neno langu liko palepale. Nakutumia kipande cha sabuni. Hata huku tunaipata kwa foleni.

Mwanao,
Modesti

Maisaka, Babati,
20 Februari 1985

Mwanangu Modesti,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini jembe nalishika. Sabuni ilifika, Mungu akuzidishie.

Gari la sinema lilikuja Jumamosi, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule. Watu walitoka mpaka Sigino. Ulipotokea walikupigia makofi. Ulipokunjua mkono, makofi yakakoma. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho.

Jumatatu mkweo mtarajiwa, Mzee Isidori, alikuja. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Lukresia, mtoto wako ni mgonjwa na umetuficha."

Nikamwambia ni nta.

"Nta naijua, nafuga nyuki. Nta haili vidole."

Anasema Xaveria hatoki kwake. Xaveria mwenyewe anasema anakuamini, ila anasema kwa sauti ndogo. Njoo wakuone.

Shangazi yako,
Lukresia

Tabora,
18 Machi 1985

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifuata huku tunakozungusha filamu. Afya yangu nzuri, moyo ndio mzito.

Kuja siwezi kabla ya Juni. Dizeli ikipatikana ni ya gari la sinema tu. Hapa mwenye nyumba ya wageni alinitambua, akanitoa na kulianika godoro nililolalia. Wenzangu wanacheka, wanasema hiyo ndiyo sifa ya mwigizaji. Mimi sikucheka.

Nimekwenda kupimwa. Ndani ya bahasha hii kuna cheti cha daktari chenye mhuri, kinasema sina ugonjwa wowote. Mpelekee Mzee Isidori, amwombe mwalimu amsomee.

Mwanao,
Modesti

Maisaka, Babati,
12 Mei 1985

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mahindi yanakomaa, mvua imetuhurumia.

Cheti kimesaidia. Mwalimu alikisoma mara mbili, Mzee Isidori akaushika ule mhuri kwa kidole, akasema, "Basi. Baada ya mavuno." Xaveria alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi ya mwaka jana, akaimba kutwa.

Sasa kaa chini usome. Kwenye filamu unashika chungu cha moto na huhisi, ngozi inaungua unazungumza tu. Mimi nina baka mkononi, juu ya kiwiko, limefifia rangi. Nilidhani ni mba. Usiku ule wa sinema, nilipotoka kukutazama, nilichukua sindano ya kushonea nikajichoma hapo. Nikachoma tena. Modesti, sikuhisi kitu. Baka hilo lina miaka miwili.

Nikienda hospitali ya misheni wataniona, na Mzee Isidori atasema ukoo wetu unao kweli. Kwa hiyo nimeamua kungoja mpaka mfunge ndoa. Navaa mikono mirefu. Nimekuandikia kwa kuwa sijawahi kukuficha jambo, lakini usimwambie mtu.

Shangazi yako,
Lukresia

Dar es Salaam,
27 Mei 1985

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Kuna maneno nasema mwishoni mwa filamu: "Ningekuja mapema, vidole hivi ningekuwa navyo." Mwongozaji alinirudisha mara kumi na moja mpaka akaridhika. Nilikuwa nafikiria sauti yangu tu. Sasa nayasema kwako.

Nenda wiki hii. Usiningojee mimi wala harusi. Mke anaweza kupatikana, wewe sina mwingine.

Mwanao,
Modesti

Maisaka, Babati,
15 Septemba 1985

Mwanangu Modesti,

Nisamehe. Miezi mitatu unusu nimekaa kimya, najua umehangaika. Mzima mimi, na utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Kabla ya kwenda hospitali nilikwenda kwa Mzee Isidori. Sikutaka asikie kwa watu. Nilipandisha mkono wa gauni nikamwonyesha.

"Cheti cha Modesti ni cha kweli," nikamwambia. "Mgonjwa ni mimi."

Aliliinamia baka akalitazama. Kisha akasema, "Umenitendea uungwana, Lukresia. Lakini binti simtoi."

Xaveria alinisindikiza mpaka barabarani akilia. Tulipoagana hakunipa mkono. Usimchukie. Ataolewa na kijana wa Sigino, Nikodemu, baada ya Noeli.

Kila mwezi nameza dawa mbele ya muuguzi. Anasema nimewahi, vidole vitabaki, na siwezi tena kumwambukiza mtu. Kwenye foleni ya dawa nimekutana na wagonjwa wawili waliokuja kwa sababu ya filamu. Waliniuliza kama yule mgonjwa alipona. Nikawaambia ni mwanangu, hajaugua hata siku moja. Mmoja alikasirika, akaona ametapeliwa. Mwingine alicheka mpaka akaketi chini.

Nimekukosesha mke.

Shangazi yako,
Lukresia

Dar es Salaam,
6 Oktoba 1985

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Nimefurahi mpaka nikashindwa kula, na nimeumia pia. Xaveria nilimpenda, sitakudanganya. Lakini usiseme tena kwamba umenikosesha kitu.

Wanatengeneza filamu ya kifua kikuu. Waigizaji wawili wamekataa, wanasema hawataki yaliyompata Modesti. Mwongozaji aliniita akaniuliza huku akitazama meza. Nimekubali.

Kwanza nimeomba siku kumi nije nyumbani. Nitapanda lori lolote litakalokuja upande huo. Mtu akikuuliza safari hii naumwa nini, mwambie kifua.

Mwanao,
Modesti