Hiyo Si Vitamini, Baba

Shikamoo Baba, ingawa nimekasirika.

Chai iko kwenye chupa. Kuku wamekula. Nimewawekea maji matupu, usiyatie kitu. Mayai ya leo usiuze.

~~Kile kikopo chako cha "vitamini" nimekitupa.~~ Kikopo ninacho, nampelekea daktari akione.

Asubuhi, nilipompelekea Mama uji wodini, daktari alinitajia dawa ambayo kidonda chake kimeikataa. Nikarudi mbio kusoma kikopo chako. Ni jina lile lile! Miaka mitatu unawanywesha kuku wazima, unaiita vitamini. Daktari anasema vijidudu huizoea dawa humo humo ndani ya kuku, kisha vinatuhamia. Mama alijikata kidole akichinja kuku wako, basi, vikamwingilia hapo.

Nikakupigia simu, ukacheka: "Malenga, umeishiwa vina sasa umehamia udaktari?" Haya, leo sikutunga. Nimeandika wazi ili usiseme hukuelewa.

Dada mdogo asiingie bandani bila glavu. Na wewe nawa kwa sabuni, hata kama banda ni lako.

Saa nane wanamwanzishia dawa ya mwisho waliyo nayo. Ikishindwa, kidole kinakatwa. Usimletee matunda. Njoo umwambie kwa kinywa chako ulichokuwa ukiwapa kuku.

Mwanao wa kwanza